Maziwa ya Bibi na Tumbo la Baraka

Kwa Bibi wa Machame, mtoto asiyemaliza kikombe chake cha maziwa hajalelewa. Ng'ombe wake hawatoki zizini. Majani ya migomba wanaletewa humo humo, na kila wiki shukrani yao hushuka Moshi mjini ndani ya dumu la lita tano, likiwa limebanwa chini ya kiti cha hiasi. Dumu hilo ndilo lililotuletea vita.

Mwanangu Baraka alipoingia kidato cha pili tumbo lake likaanza kusema. Lilinguruma katikati ya mtihani wa Jiografia, darasa zima likageuka kumtazama. Nyumbani tuna choo kimoja tu. Asubuhi, baba mtu anahangaika asichelewe kazini na mdogo wake Neema ameshika mswaki mlangoni, Baraka kajifungia ndani. Baba yake alishasoma kesi na kutoa hukumu: ni simu.

"Choo si maktaba!" alifoka.

Tumbo ndilo lililojibu, na jibu likasikika mpaka kwa jirani.

Sasa, ukitaja tumbo uswahilini, kila mtu ni daktari. Jirani huyo huyo akasema minyoo, na nyumba nzima tukanywa dawa, hata dada wa kazi ambaye hakuwa na neno. Muuza duka la dawa akasema amiba, akatupa zile tembe zinazomwachia mtu ladha ya chuma mdomoni. Zahanati moja ikapima damu ikasema taifodi. Shangazi akalaumu pilipili. Baba Baraka akang'ang'ania simu.

Aliyeacha kubahatisha akatazama saa ni Neema wa darasa la sita. "Mama, mbona Jumapili huwa mzima mpaka turudi kanisani?" Kweli. Jumapili tunawahi ibada ya kwanza kwa chai ya rangi. Siku za shule Baraka anakunywa kikombe cha maziwa matupu saa kumi na mbili, kwa amri ya Bibi, na kabla ya saa moja mlango wa choo umeshafungwa.

Daktari tuliyemwendea hospitali alisikiliza hadithi ya saa wala hakushangaa. Maziwa yana sukari yake, laktosi. Mtoto mchanga huzaliwa na kimeng'enya cha kuivunja, laktezi, kwenye utumbo mwembamba, lakini kwa watu wengi hicho hupungua kadiri wanavyokua. Ndiyo maana kijana aliyenyonya vizuri na kunywa uji wa maziwa bila shida anaweza kuanza kuteseka akiwa na miaka kumi na kitu. Sukari isiyovunjwa hushuka utumbo mpana, ikavuta maji, na bakteria wakaichachua ikawa gesi. Kati ya nusu saa na saa mbili baada ya kunywa, ngoma inaanza. Akatuuliza kama Baraka anavimba midomo, anatoka vipele au anabanwa pumzi, maana hiyo ingekuwa mzio wa protini ya maziwa, jambo jingine na la hatari zaidi. Akauliza kama amekonda au anatoa damu chooni. Hapana, hapana. Basi wiki mbili bila maziwa kabisa, kisha myarudishe muone.

Wiki mbili! Hapo ndipo nilipojua maziwa yanavyojificha. Nilisimama dukani nikisoma maandishi madogo ya paketi mpaka muuzaji akaniuliza kama nakagua mali. Unga wa maziwa umo kwenye skonzi, biskuti, hata soseji. Baraka alivumilia kama mtawa, tumbo likatulia, choo kikawa cha wote. Jaribio la kurudisha maziwa lilifanyika kabla ya siku yake, kwenye kipaimara cha binamu yake, kwa vipande vya keki ya krimu ambavyo hadi leo hakuna anayekiri kumpa. Usiku ule sitausimulia.

Habari zikapanda Machame, na Bibi akashuka mwenyewe.

"Mama Baraka, mwanangu, ndiyo umemnyima mtoto maziwa?"

"Shikamoo, Mama. Tumbo lake haliyawezi."

"Marahaba. Baba yake alikuwa anamaliza kibuyu!"

Nikajaribu elimu. Nikamwambia karibu theluthi mbili ya watu wazima duniani hawaivunji laktosi vizuri. Nikamwambia mwaka 2007 mtafiti Sarah Tishkoff na wenzake, waliochunguza watu wa Tanzania, Kenya na Sudan, walichapisha kwamba miongoni mwa jamii za wafugaji yapo mabadiliko ya vinasaba yanayomwezesha mtu mzima kunywa maziwa, tofauti na yale ya Wazungu. Wengine wanarithi, wengine hawarithi, hata nyumba moja.

Bibi alinisikiliza hadi mwisho. "Huyo Sarah ana ng'ombe?"

Kesho yake akatuletea ya mbuzi. Ya mbuzi yana laktosi karibu sawa na ya ng'ombe, na Baraka alilithibitisha hilo kwa sauti. Lakini kwenye kapu la Bibi kulikuwa na mtindi pia, na kijana akaula na ndizi za kuchemsha kabla sijamzuia. Tukakaa sebuleni tunasikiliza. Kimya. Bakteria wanaogandisha maziwa huwa wameshakula sehemu ya ile sukari, na wanaendelea kusaidia kuivunja tumboni. Bibi akajifunga kanga upya: "Si nilisema?" Hakuwa amesema, lakini nani angembishia?

Siku hizi dumu linashuka likiwa limegandishwa. Samli Baraka anakula bila taabu, kwani laktosi karibu haimo, na maziwa kidogo kwenye chai, tena pamoja na chakula, anayamudu. Madini ya mifupa anayapata pia kwenye uji wa ulezi na dagaa wanaoliwa na miiba yao. Baba Baraka amekubali kuwa si simu, ingawa simu bado inaingia chooni.

Wageni wetu wa Krismasi, mnaopanda kutoka Dar: aiskrimu msilete. Leteni dagaa.