Yah: Ombi la Kurudishiwa Nusu ya Sentensi

Kwa Mkurugenzi Mkuu,
Runinga ya Umma.

Ndugu Mkurugenzi,

Kichwa cha habari hapo juu chahusika.

Awali ya yote nakusalimu, nikitumaini u mzima wa afya, wewe na mitambo yako. Jina la shirika lako sikuliandika juu ya bahasha. Nilipowasimulia jamaa zangu wa Mombasa, Kampala na Unguja haya ninayotaka kukuandikia, kila mmoja aliapa kuwa ninamsema wa kwao. Basi bahasha nimeiacha wazi. Atakayejiona ndani na aifunge mwenyewe.

Kifurushi cha king'amuzi changu kiliisha Jumatano usiku, siku ambayo mshahara nao ulikuwa umekwisha kitambo. Chaneli zikaniaga moja moja: ya mpira ikaondoka, ya filamu ikaondoka, ya tamthilia za Wafilipino ikaondoka huku dada mmoja akiwa bado analia. Ukabaki wewe. Wahenga walisema akufaaye kwa dhiki ndiye rafiki. Alhamisi nikachukua daftari la hesabu la mjukuu wangu, nikakaa kwenye kochi, nikaamua kukutazama tangu wimbo wa taifa wa asubuhi mpaka wimbo wa taifa wa usiku, kama mgonjwa anayemaliza dozi.

Saa kumi na mbili bendera ilipepea vizuri. Sina la kulalamika hapo.

Saa moja mlisoma magazeti. Lile la serikali lilisomwa kuanzia kichwa kikubwa hadi tangazo la zabuni ya kuuza magari chakavu. Mengine yalionyeshwa kwa mbali, yakapunga mkono, yakaenda.

Saa mbili alikuja studio mkurugenzi wa idara fulani. Mtangazaji wako, ambaye shati lake limepigwa pasi kuliko la bwana harusi, akamkaba kwa swali zito: "Labda tuanzie hapo, mheshimiwa, mafanikio ni yapi?" Mheshimiwa hakutetereka. Mafanikio yalichukua dakika arobaini. Zikabaki dakika mbili za changamoto, nazo zikajibiwa kwa neno moja: tumejipanga. Niliandika daftarini kuwa tangu nianze kukutazama wamejipanga watu wengi sana. Nadhani foleni yao sasa imefika mpakani.

Saa nne mliturudishia nyumbu wanaovuka Mto Mara. Ndugu Mkurugenzi, wale nyumbu nimeshawazoea kama majirani. Yule wa tatu kutoka kushoto, anayekamatwa na mamba, nimeshamwona akiliwa mara kumi na nne, na kila mara namwambia apite kulia. Hasikii. Mjukuu wangu akauliza kama nyumbu huyo analipwa posho.

Saa sita ilikuwa zamu ya watoto. Mjukuu alivuta kigoda. Mara ikatokea sauti: "Tunasitisha kipindi hiki ili kuungana na mwandishi wetu, moja kwa moja." Mtoto akarudisha kigoda pale kilipokuwa, bila neno. Amekua kabla ya wakati wake.

Moja kwa moja tukakiona kiti. Kilikuwa kikubwa kuliko vingine vyote, kimevishwa kitambaa cheupe, mbele yake meza yenye maua ya plastiki na chupa tatu za maji. Hakikuwa na mtu. Mgeni rasmi yuko njiani, mtangazaji akatuambia, akatueleza idadi ya viti, aina ya turubai na upepo unatoka upande gani. Dakika hamsini na tano tulikitazama kiti. Inzi akaja, akatua pale pale katikati. Mpiga picha akamsogelea. Kwa muda wa dakika mbili hivi inzi yule ndiye alikuwa mgeni rasmi, na kwa haki niseme hakutoa hotuba ndefu.

Nyuma ya turubai, kwa pembeni, lilionekana bomba la maji. Mbele ya bomba ulifungwa utepe. Mbele ya utepe ilifungwa kamba. Na nyuma ya kamba walisimama kina mama na ndoo zao juani. Hao ndio wanaoitwa umma, ambao jina lako limetokana nao, na nilifurahi kuwaona ingawa ni kwa kisogo.

Mgeni akafika. Itifaki ikazingatiwa. Zamani mtu alisema "itifaki imezingatiwa" ili asiwataje watu wote. Siku hizi husema hivyo, halafu akawataja. Ngoma ikachezwa, kwaya ikaimba, risala ikasomwa, utepe ukakatwa. Tuliponunua ving'amuzi, baada ya mitambo ya analojia kuanza kuzimwa Dar es Salaam tarehe 31 Desemba 2012, tuliahidiwa picha safi. Ahadi imetimia. Utepe sasa tunauona hadi nyuzi.

Koki ikafunguliwa, maji yakatoka, makofi yakapigwa. Hapo mwandishi wako, kijana ambaye naomba asifukuzwe kazi, akafanya jambo ambalo halikuwa kwenye ratiba. Akaruka kamba. Akamfuata mama mmoja mwenye ndoo ya kijani, akampa kipaza sauti. Mama akajifuta jasho kwa upande wa kanga, akasema:

"Kwanza tunaishukuru serikali, maana tulikuwa tunateseka. Ila haya maji..."

Likaja tangazo la sabuni.

Ndugu Mkurugenzi, hiyo ndiyo sababu ya barua hii.

Sikubanduka. Nikasema labda ni hitilafu ya mitambo, sentensi itarudi. Saa mbili usiku ikafika taarifa ya habari. Habari ya kwanza kiongozi alifungua, ya pili kiongozi alifunga, ya tatu kiongozi aliagiza. Za nje zilikuwa na mambo zaidi: huko mbali bei zimepanda, watu wameandamana, waziri mmoja amejiuzulu. Kwa mujibu wa taarifa zako, kujiuzulu ni kama theluji: kunatokea katika nchi za baridi. Hatimaye nikamwona mama yangu na ndoo yake. "Kwanza tunaishukuru serikali," akasema. Nukta. Mchana alikuwa na sentensi ndefu. Kufika usiku amekuwa mtu wa maneno matatu.

Saa nne mkaleta mjadala wa watu wanne waliokubaliana. Saa tano ikawa marudio ya habari, na mama akaja mara ya tatu. Safari hii amesema: "Tunaishukuru serikali." Hata "kwanza" mmeiondoa! Na aliyeiondoa anajua kazi yake, maana "kwanza" ni neno la hatari. Mwenye kwanza ana pili.

Sasa nikuulize kwa upole. Mama yule alitaka kusema nini? Inawezekana alitaka kusifu: ila haya maji ni matamu ajabu. Kama ndivyo, mmemdhulumu yeye na mgeni rasmi pia. Kwa sababu mtaani kwetu hakuna aliyeamini hivyo. Fundi cherehani anasema maji yale ni ya chumvi. Muuza mkaa anasema yalimwagwa na boza usiku wa kuamkia sherehe. Mke wangu, ambaye si mzushi, anasema yatakuwa yanatoka siku ya mgeni tu. Mmekata maneno machache, mkazaa uvumi mtaa mzima. Sentensi nzima ingewagharimu sekunde tano.

Nisingelalamika kama kazi hii ya runinga ya umma ingekuwa haiwezekani. Inawezekana. Zanzibar ilikuwa na televisheni ya rangi mapema miaka ya 1970, wakati Afrika Kusini, pamoja na utajiri wake wote, ilianza rasmi matangazo ya televisheni mwaka 1976. Tanzania Bara ilikaa bila kituo hadi mwaka 1994, na waliotangulia walikuwa watu binafsi. Kabla ya hapo wenye runinga Dar es Salaam walielekeza antena Unguja kama waumini wanaoelekea kibla. Nairobi nako, shirika la umma ndilo lililovilea vichekesho vya Vitimbi na Vioja Mahakamani. Marehemu Benson Wanjau, tuliyemjua kama Mzee Ojwang, hakuwa mgeni rasmi wa kitu chochote. Alikuwa mzee wa kawaida mwenye matatizo ya kawaida, na nyumba nzima ilinyamaza alipofungua mdomo. Pale mahakamani mshtakiwa aliachwa ajieleze mpaka mwisho, hata kama alikuwa anajichongea.

Mwaka 2011 Watanzania walimpokea Doudou, mke kijana kutoka Uchina, katika tamthilia iliyotiwa sauti za Kiswahili na kuonyeshwa na shirika lao la umma. Akagombana na mama mkwe, akapatana, akagombana tena. Mabibi wa uswahilini waliokuwa hawajawahi kufika hata uwanja wa ndege wakawa wanajua ukwe wa Beijing. Nilijiuliza wakati ule, na bado najiuliza: kama tunaweza kumsikiliza mkwe wa Kichina kutoka salamu hadi matusi, inakuwaje mkwe wa kijiji cha pili anakatizwa kwenye "ila"?

Labda ni gharama. Januari 2016 waziri mwenye dhamana ya habari aliliambia Bunge, Dodoma, kuwa kurusha vikao vyake moja kwa moja kunaligharimu shirika la umma shilingi bilioni 4.2 kwa mwaka, na kwamba wananchi wataletewa kipindi kilichohaririwa usiku, watakapokuwa wametoka kazini. Wabunge wa upinzani walichachamaa, lakini uamuzi ukabaki. Mimi si mhasibu. Najua tu kwamba Bunge ni nyumba iliyojengwa mahususi kwa ajili ya neno "ila", na kwamba kiti kitupu nacho kilirushwa moja kwa moja, dakika hamsini na tano, bila mtu yeyote kutaja bei yake.

Au labda hujui thamani yako. Wengine wanaijua. Alfajiri ya tarehe 1 Agosti 1982, wanajeshi waliotaka kuipindua serikali ya Kenya walikiteka kituo cha Sauti ya Kenya, wakamtoa mtangazaji Leonard Mambo Mbotela nyumbani kwake akatangaze walichotaka. Walijua kuwa nchi ni ya yule anayesikika. Mbotela huyo huyo, Mungu amrehemu, tangu mwaka 1966 aliendesha kipindi ambacho jina lake ni swali: Je, Huu ni Uungwana? Na mimi naliazima swali hilo. Kumpa mtu mzima kipaza sauti, akashukuru kama alivyofundishwa na wazazi wake, kisha kumtolea povu la sabuni kabla hajameza mate: je, huu ni uungwana?

Kwa barua hii ninaomba yafuatayo:

(a) Kiti cha mgeni rasmi kisirushwe tena moja kwa moja mpaka kiwe na mtu.

(b) Kipindi cha watoto kisisitishwe, isipokuwa kwa vita au tetemeko la ardhi.

(c) Nyumbu apumzishwe.

(d) Mwandishi aliyeruka kamba apandishwe cheo, au angalau arudishiwe nauli.

(e) Mama mwenye ndoo ya kijani afuatwe, aombwe radhi, na aachwe amalizie.

Hayo manne ya mwanzo ukinipa au ukininyima, tutaendelea kuonana, maana kifurushi kitaisha tena mwezi ujao. La tano silegezi. Umeme wa studio, mafuta ya gari lako la matangazo na hata kile kitambaa cheupe tumevilipia sisi kwenye sukari, kwenye vocha na kwenye sabuni ile ile mliyotuletea. Mama yule naye amelipa. Tumelipia sentensi nzima, tumepewa nusu.

Kumpata si kazi. Saa hizi atakuwa pale pale bombani, kwenye foleni, na ndoo bado haijajaa.

Ndimi,
Mtazamaji wako wa kudumu, kila kifurushi kinapoisha.