Dereva Daraja C Anayejua Python

Mtu wa kwanza kunipigia simu kuhusu ajira alitaka kujua kama nimewahi kuendesha basi usiku. Nilikuwa kwenye foleni ya mwendokasi pale Kimara, jua la saa saba limekaa utosini, na kwa muda wa miezi 5 nilikuwa nimeomba kazi moja tu: kuandika programu za kompyuta.

"Basi la aina gani?" nikauliza. Nilidhani ni mtego wa usaili. Nilishasikia kwamba kampuni za programu hupenda kumuuliza mtu mambo ya ajabu ili waone anavyofikiri.

"Kijana, basi ni basi. Hapa umeandika una leseni daraja C na hujawahi kupata ajali."

La ajali lilikuwa kweli. Chombo pekee ninachoendesha ni baiskeli, na hata hiyo nikifika mteremkoni nashuka naikokota.

CV yangu ilizaliwa steshenari, kama za wenzangu wengi. Jamaa wa steshenari karibu na chuo alikuwa na faili moja, mama wa CV zote. Akija mwalimu, linafutwa jina la nesi linaandikwa lake; akija nesi, linafutwa la mwalimu. Jamaa anatoza kwa ukurasa, kwa hiyo hapendi watu wenye maisha mafupi. Yangu aliyavuta mpaka kurasa 4, na nilikuwa na miaka 23. Kabla yangu alikuwa amemhudumia dereva. Jina la dereva likafutika, namba yake ya simu ikafutika, leseni yake ikabaki ukurasa wa 3, katikati ya "Lugha" na "Ninayopendelea".

Ukurasa wa 1 ulipambwa na picha ya pasipoti. Siku ya kupiga nilikwenda na fulana. Mpiga picha akaniambia nisiwe na wasiwasi, suti anayo kwenye kompyuta. Kweli alikuwa nayo, ila ilishonwa kwa mabega ya mpagazi wa Kariakoo, na kichwa changu kikakaa juu yake kama ndimu juu ya kabati. Chini ya picha zikafuata dini, hali ya ndoa, shule ya msingi niliyoanzia, shule ya msingi niliyohamia, na cheo nilichoshika darasa la 5: kiranja wa usafi.

Hiyo ndiyo niliyoituma mara 37.

Nyumbani nako hakukukalika. Mama alikuwa amewatangazia majirani kwamba mwanawe amesomea kuandika kodi. Majirani, ambao kodi wanayoijua ni moja tu, wakakubaliana kwamba nimeingia kwa watu wa mapato. Usiku mmoja mwenye duka wa jirani akanifuata na kreti ya soda, akiomba nimwangalizie makadirio yake. Soda nilizinywa. Makadirio yalinishinda.

Baada ya simu ya basi nikaenda Tabata kwa dada. Mumewe anaandika programu kazini kwake, na amewahi kukaa upande wa pili wa meza ya usaili. Shemeji si mtu wa maneno mengi. Alivuta kiti uani, akafungua CV yangu kwenye kompyuta yake, akasema, "Shem, nakusomea kwa sauti. Wewe sikiliza tu."

Kumbe maneno yaliyojitulizia kwenye karatasi, yakipita mdomoni mwa mtu mwingine hubaki uchi.

"'Mimi ni mchapakazi, mbunifu, ninayeweza kufanya kazi katika mazingira magumu bila kusimamiwa.'" Akanitazama. "Mazingira gani?"

Nikafikiri. "Hosteli."

Jikoni dada akacheka mpaka kifuniko cha sufuria kikaanguka.

"'Java, asilimia 80.' Hii 20 iliyobaki ni ipi?"

Nikakosa jibu. Ningekuwa naijua ilipo, si ningeshaifuata?

"'Java na matawi yake, kwa mfano JavaScript.'" Hapo shemeji alivua miwani. Java, akanieleza kwa upole wa mtu anayetoa taarifa ya msiba, ilitoka Sun Microsystems mwaka 1995. JavaScript aliiandika Brendan Eich wa Netscape kwa siku 10, mwaka huo huo, ikabatizwa jina hilo kwa kuwa Java ndiyo iliyokuwa inavuma. Undugu wao ni ule wa Kigoma na Kigamboni: kwa mmoja unapanda treni, kwa mwingine unapanda pantoni, na ukichanganya utajua giza likishaingia.

Kisha akanionyesha kilichonitia aibu kuliko vyote. Katika kampuni nyingi kubwa, alisema, CV haianzii mikononi mwa mtu. Hupita kwanza kwenye programu ya kuchambua maombi, na programu hiyo haina habari na suti wala mabega. Inachota maandishi tu. Akanakili CV yangu yote, akaibandika kwenye Notepad. Zile safu mbili nilizochorewa steshenari zikaingiliana kama abiria wa daladala ya jioni, mstari wa kushoto ukabebana na wa kulia. Tukasoma: "Uzoefu wa kazi: kutazama mpira, 2021 hadi sasa." Mbele kidogo: "Hali ya ndoa: Microsoft Excel."

Dada akatoka na mwiko mkononi, anataka kumwona wifi yake.

Walipomaliza kucheka, shemeji akaniuliza swali ambalo kurasa zangu 4 hazikuwa zimeligusa. "Umewahi kutengeneza nini?"

"Hakuna, shem. Mradi wa mwaka wa mwisho tu, na hapo tulikuwa watu 5."

"Na ile ya shangazi?" akasema dada.

Ile ya shangazi nilikuwa nimeificha kwa makusudi.

Shangazi yetu ni mweka hazina wa VICOBA ya akina mama 24. Hisa, mikopo, marejesho na faini, vyote viliishi kwenye daftari kubwa lililomnyima usingizi siku 2 kila mwisho wa mwezi. Nikiwa likizo ya mwaka wa pili nikamwandikia programu ndogo kwa Python: unaingiza malipo, yenyewe inatoa nani anadaiwa kiasi gani. Kikao cha kwanza, shangazi akasimama na karatasi iliyochapwa, akajisafisha koo, akasoma orodha ya wadaiwa akianza na mwenye deni kubwa kuliko wote.

Wa kwanza alikuwa mwenyekiti wa kikundi: shilingi 9,000. Akafuata mwenye 85,000. Wa tatu 450,000. Mkiani, 120,000.

Mwenyekiti, ambaye 9,000 yake ilikuwa faini za kuchelewa vikao, alisimama na mkoba wake na kuuliza ni nani aliyetumwa kumdhalilisha. Mwenye 450,000 aliendelea kunywa chai taratibu, akitikisa kichwa kuwasikitikia watu wasiopenda kulipa madeni.

Kosa lilikuwa langu. Programu ilikuwa inasoma madeni kutoka kwenye faili, na yanayosomwa humo huja kama maandishi hata yakiwa na sura ya namba. Maandishi hupangwa kama kamusi inavyopanga maneno: inatazamwa herufi ya kwanza, urefu hauulizwi. Kwenye kamusi "wa" liko nyuma kabisa ya "mwenyekiti", ingawa ni fupi. Ndivyo 9 ya mwenyekiti ilivyoipita 4 ya mnywa chai. Dawa yake ni neno la herufi 3, *int*, la kuiambia Python kwamba hii ni namba, ihesabu kama namba. Nililiandika usiku ule ule, shangazi amesimama nyuma yangu, kanga kiunoni, hasemi kitu. Tangu siku hiyo kikundi kinafunga hesabu za mwezi kwa nusu saa.

Shemeji alinyamaza kidogo. "Una kitu ambacho akina mama 24 wanakitegemea kwa fedha zao, halafu mimi unaniandikia kiranja wa usafi?"

Tukaanza upya, ukurasa 1, safu 1, bila picha. Alinipa kanuni aliyoieneza Laszlo Bock, aliyekuwa mkuu wa masuala ya wafanyakazi pale Google: sema ulichofanikisha, kinapimwaje, na ulikifanyaje. "Mchapakazi na mbunifu" ikaondoka. Ikaingia: "Nimetengeneza kwa Python programu ya kumbukumbu za mikopo inayotumiwa na kikundi cha watu 24, muda wa kufunga hesabu za mwezi umeshuka kutoka siku 2 hadi nusu saa." Na chini yake: "Niligundua na kurekebisha kosa katika upangaji wa madeni."

"Uzoefu wa miaka 2 katika TEHAMA" nao ukaitwa kujieleza. Ukakiri kwamba ulikuwa fildi ya wiki 8, na nyingi ya hizo nilizimaliza kwenye printa. Lakini kwa kuchoka kuitwa ghorofani kila saa, niliwahi kuandika mwongozo wa ukurasa 1 wa matatizo ya printa ile, wakaubandika ukutani. Shemeji akasema huo ndio uandikwe, pamoja na zile wiki 8. Lugha 11 za kompyuta zikabaki 2, zile ambazo nikiamshwa usiku naweza kuziandika. Zile asilimia tukazizika.

Programu yenyewe tukaiweka GitHub ili anayetaka aikague. Kabla ya hapo tukaondoa majina na madeni ya wanakikundi, tukafungua hifadhi mpya kabisa, kwa sababu Git, mfumo unaoibeba GitHub, aliouanzisha Linus Torvalds mwaka 2005, una kumbukumbu kama ya shangazi: ukifuta leo, ya jana bado yapo kwenye historia. Mwenyekiti angejikuta intaneti na 9,000 yake, ukoo mzima tungehama mji.

Baada ya wiki 3 niliitwa kwenye usaili. Walikuwa watu 3. Mmoja akaweka kidole kwenye mstari wa madeni, akasema, "Hapa ilikuwaje?" Nikawasimulia mwenyekiti, mkoba na chai. Wakacheka. Kisha yule aliyecheka kidogo kuliko wenzake akauliza nafanya nini lisijirudie. Nikamjibu kwamba sasa kila nikibadilisha kitu, kwanza naipa programu deni la 9,000 na la 450,000. La 9,000 likiongoza, programu haitoki nyumbani.

Wakanipa mafunzo kazini ya miezi 6, kwa posho. Shangazi alipopata habari alisema anachotaka ni shukrani zake ziletwe kwenye kikao, na nisichelewe, kuna faini.

Nawe unayetafuta, kabla hujabonyeza "tuma", mpe mtu CV yako akusomee kwa sauti. Mkifika kwenye mstari ambao swali moja tu linakuacha huna la kusema, ufute. Halafu upekue vizuri ukurasa wa 3. Huenda kuna dereva mahali anatafuta leseni yake.