Gololi ya Kumi na Mbili

Tope la Mlima Hanang liliporomokea Katesh na Gendabi tarehe 3 Desemba 2023. Nyumba ya baba ilipona, lakini hakutaka tena kulala chini ya mlima ule. Alipofika kwetu Mbulu mjini alishuka garini na vitu viwili: mfuko wa nguo na kisanduku cha mbao. Mfuko alimpa mjukuu abebe. Kisanduku hakumpa mtu.

Ndani ya kisanduku mna hadubini. Yeye huiita maikroskopu, kama walivyozoea watu wa maabara. Ni nyeusi, ya jicho moja, haina taa. Chini ina kioo cha kuelekezea mwanga wa dirishani, na imeandikwa Carl Zeiss Jena. Aliitumia miaka mingi wilayani Hanang, akitafuta malaria kwenye damu na mayai ya tegu kwenye choo. Zilipoletwa za umeme, yeye anastaafu, akapewa hii ya zamani aondoke nayo.

Huku kwetu tegu si habari ya vitabuni. Kaya nyingi zinafuga nguruwe, na mtu akimeza mayai ya tegu wa nguruwe, mabuu yake yanaweza kufika ubongoni na kumletea kifafa. Kuna jambo baba hulisema kwa uchungu mpaka leo: mayai ya tegu wa nguruwe na ya tegu wa ng'ombe hayatofautiani kwa umbo, hata ukiyatazama kwa hadubini nzuri namna gani. Unamwona mgonjwa ana tegu, na usijue ni yupi.

Basi Agosti ya mwaka jana kijana wangu wa kidato cha tatu aliomba kuona seli za ngozi nyembamba ya kitunguu saumu. Msimu wa vitunguu saumu ulikuwa umepamba moto, nyumba nzima inanuka, mama watoto ameimwaga mezani mizigo mitatu akichambua. Babu akakubali. Gurudumu kubwa la hadubini, lile la kushushia kwa haraka, lilizunguka vizuri. Gurudumu dogo, la kurekebishia taratibu mpaka picha itulie, likagoma kabisa.

Mzee alisema tuliache, atalishughulikia akitoka kanisani Jumapili. Mimi sikusubiri. Jumapili ile ile, yeye yuko ibadani, nilikamata gurudumu dogo kwa koleo nililolifunga kitambaa, nikakaza. Likatoa mlio mdogo, tik, kama kidole kinachovunjwa vifundo. Halikuzunguka. Nikadondoshea mafuta ya taa, nikangoja kidogo, nikachukua bisibisi.

"Baba watoto," mke wangu akasema, "hiyo meza naitaka kabla ya saa kumi. Mnunuzi anakuja kesho asubuhi."

Nikamwambia namaliza sasa hivi. Nilifungua skrubu nne za kifuniko cha nyuma, na nilipoutoa mkono wa chuma unaopanda na kushuka, ulichomoka kwa ghafla. Ndani yake zilikuwemo gololi ndogo za chuma katika safu mbili, kila moja sawa na punje ya mtama. Zilimwagika mezani, zikapita katikati ya vitunguu, zikashuka sakafuni kuelekea mlangoni. Mlango nilikuwa nimeuacha wazi nipate mwanga. Na mlangoni walikuwepo kuku.

"Baba, yule mwekundu amedonoa kitu!" kijana akapiga kelele.

Tulipiga magoti wote, hata mke wangu. Tulifagia, tulipepeta maganda ya vitunguu saumu kwenye ungo, tulimulika chini ya kabati kwa tochi ya simu. Tukapata kumi na moja. Maganda yale mepesi yalikuwa yameruka mpaka ndani ya hadubini, yakanasa kwenye grisi ya zamani, na grisi yenyewe ilikuwa ya kahawia, ngumu kama ulimbo uliokaukia mtini.

Baba aliingia, akavua kofia, akaitazama meza. Hakunigombeza.

"Zilikuwa kumi na mbili," akasema. "Zimebaki ngapi?"

"Kumi na moja, baba."

Akaketi. Akaivuta hadubini karibu na kunionyesha alama zilizochongwa kulizunguka gurudumu dogo, 100 kamili. Mzunguko mzima, akasema, unainua au kushusha milimita 0.2 tu. Kwa hiyo alama moja ni milimita 0.002, na huo ndio unene wa chembe nyekundu ya damu, au karibu yake. Lenzi ya 100, ile inayotumiwa na tone la mafuta, inapotazama damu haiachi hata nusu milimita kati yake na kioo cha slaidi. Chombo kinachopimia nafasi ya namna hiyo, mimi nimekikamata kwa koleo. Niliinamisha kichwa.

Kisha akatufundisha. Grisi ni mafuta yaliyoshikwa na sabuni. Miaka ikipita mafuta yanatoka kidogo kidogo, inabaki sabuni kavu, na baridi ya Mbulu inaikaza zaidi. Dawa yake ni joto na subira. Lakini kwanza lenzi zote zitolewe, kwa sababu katika hadubini za zamani vioo vyake vimegandishwa kwa utomvu wa mti, na utomvu huo joto linaulainisha, spiriti inauyeyusha. Alizifungua lenzi mwenyewe, akazifunga kwenye leso safi, akaziweka chumbani kwake.

Binti yangu akatumwa kuazima draya kwenye saluni ya jirani. Babu akaelekeza hewa ya moto kwenye kiwiliwili cha hadubini, akiondoa, akirudisha, na kila mara akiligusa gurudumu kwa vidole viwili bila kulilazimisha. Baada ya dakika kama ishirini lilisogea alama moja. Halafu mbili. Halafu likazunguka lenyewe chini ya vidole vyake, naye akafumba macho akilisikiliza.

Usafi ulituchukua mpaka usiku: pamba, kijiti cha kuchokonolea meno, mafuta ya taa kidogo, kisha kukausha kabisa. Nilitaka kupaka mafuta ya kupikia, akanizuia, maana huganda yakawa gundi mbaya kuliko grisi tuliyoitoa. Tulitumia grisi nyepesi aliyokuwa ameihifadhi kwenye kikopo cha dawa. Vitunguu vilihamia sakafuni, na mama watoto alivichambua pale pale, ameketi kwenye kigoda.

Ikabaki gololi. Nilipendekeza kuku achinjwe. Mke wangu akakataa: "Kuku anayetaga kila siku hachinjwi kwa ajili ya chuma." Baba akasema mama amesema sawa. Akatoa gololi moja kwenye safu iliyokuwa bado na sita, zikawa tano kwa tano, kila nafasi tupu ikielekeana na mwenzake, ili mkono usiegemee upande mmoja. Asubuhi kijana akaziona seli zake, zimepangana kama matofali.

Yule mwekundu alikuja kuchinjwa Desemba, shemeji alipokuja kututembelea kutoka Haydom. Firigisi ni ya mzee, kwa hiyo mke wangu aliipasua kwa uangalifu. Gololi ilikuwemo kati ya changarawe, imepoteza mng'ao, imekwaruzwa pande zote. Babu aliiosha, akaiweka chini ya lenzi ndogo, akaitazama muda mrefu. Haifai tena kurudi, akasema, ingeikwaruza njia.

Wewe uliye na hadubini ya namna hii kwenye stoo ya shule au zahanati, gurudumu likigoma usilikaze na usiitupe. Toa lenzi, ipashe joto polepole, funga mlango, na tandika kitambaa cheupe mezani kabla hujagusa skrubu ya kwanza.