Heri ya Mbili na Saba

Mtu akigawiwa mbili na saba kwenye poka ya mtandaoni, anatupa na kuendelea na chai yake. Akigawiwa ree mbili, anapandisha dau huku akibana kicheko, ingawa hakuna anayemwona. Kazi ipo ukigawiwa nane mbili. Jamani, nane mbili! Si za kutupa, si za kuringia. Ni mgeni aliyebisha hodi saa saba mchana: kumfukuza huwezi, na wali hautoshi.

Hapo saa ya programu nayo imeshaanza kuhesabu. Hivi waliotengeneza hii kitu tuliwakosea nini? Sekunde zinakimbia, kitufe kinawaka, simu inapiga kelele, na shemeji yangu, ambaye hajawahi kuweka hata shilingi, ananifokea kutoka pembeni: "Usitupe! Subiri nane ya tatu!"

Anaisubiri kwa fedha zangu. Zikifunguliwa karata 3 za kwanza mezani, nane nyingine huwemo mara 12 hivi kati ya 100. Lakini karata kubwa kuliko nane, angalau moja, huwemo mara 87. Kwa hiyo kawaida utabaki na jozi yako ukitazamana na karata kubwa, tuseme mzungu wa nne, huku mtu aliyejiwekea picha ya mbuzi akiongeza dau. Na huyo mbuzi huoni jasho lake wala mikono inavyomtetemeka. Unaona tarakimu tu.

Ukaidi wa shemeji nakijua chanzo chake. Ni ile video ya 2003, ya Chris Moneymaker, mhasibu wa Tennessee aliyepata nafasi ya mashindano makubwa ya poka kwa shindano la mtandaoni la dola 86, akaenda Las Vegas na kushinda dola milioni 2.5. Njiani alikutana na Humberto Brenes wa Kosta Rika. Moneymaker ana nane mbili, Brenes ana ree mbili, na karata 3 za mezani hazina nane hata ya dawa. Fedha zote zikaingia. Karata ya nne: nane! Shemeji hapo husimama kabisa. Asichotaka kusikia ni kwamba nane kutokea pale ilikuwa chini ya mara 1 kati ya 10, na kwamba aliyekuwa na karata bora hadi dakika ile ni Brenes.

Mimi nina masharti yangu. Wawili wakishapandisha dau kabla zamu yangu haijafika, natupa bila kuaga. Bei ikiwa ndogo, na aliyepandisha ana lundo la maana, nalipa nione hizo karata 3, maana nane ikija atanilipa vizuri. Lundo lake likiwa dogo, hata nikipata nane ya tatu atanilipa nini? Na mezani akikaa mzungu, halafu watu wawili wakaanza kusukumana kwa madau, nane zangu zinaondoka muda huohuo.

Najua, nikishatupa tu, nane itafunguliwa. Shemeji atapiga mapaja na kuita nyumba nzima ije ishuhudie.

Shemeji, kama unasoma hapa: kujisajili ni bure. Fungua akaunti yako, weka fedha zako, uisubiri hiyo nane mpaka usiku wa manane.