Ami, Ukija Brazil Usiogope Gereza

Salvador, Bahia

Ami yangu, Mama, shangazi na jamaa wote wa Wete,

Ami, ujumbe wako wa sauti wa dakika kumi na moja nimeusikiliza wote, pamoja na ile sehemu ya mwisho uliyosahau kuzima simu ukaanza kugombana na muuza samaki. Nimekufahamu: karafuu zimeuzika, pesa ipo, na badala ya kuezeka bati jipya umeamua kumchukua Mama mje kuniangalia. Karibuni. Ila nisikilizeni kwanza.

Viza inaombwa kwenye ubalozi wa Brazil, Dar es Salaam. Ukiulizwa shabaha ya safari, usiseme unakwenda kumsalimia Pelé. Alifariki Desemba 2022, watakushangaa. Chanjo ya homa ya manjano mchomwe angalau siku kumi kabla ya safari, na kadi yake Mama aifunge kwenye pindo la kanga, maana anayetoka Brazil na kuingia Zanzibar huulizwa kadi hiyo. Ndege mtapanda Unguja hadi Addis Ababa, kisha Addis hadi São Paulo, saa kumi na mbili na zaidi mmekaa kitako. Tasbihi isikosekane.

Ratiba yako nimeiona. Jumatatu Maracanã, Jumanne Amazon, Jumatano maporomoko ya Iguaçu, Alhamisi kupumzika. Ami, hii si Chake na Mkoani. Ndani ya Brazil zinaingia Pemba elfu nane na ushei. Kutoka kwangu mpaka Rio, iliko Maracanã, ni mchana na usiku mzima ndani ya basi, na Iguaçu iko mbali zaidi, mpakani na Argentina. Chagua mahali pamoja. Ukinisikiliza mimi, panda ndege nenda Manaus ukaone mto Negro, mweusi kama chai ya mkandaa, unavyokutana na Solimões wenye rangi ya chai ya maziwa. Hutembea bega kwa bega kilomita kadhaa bila kuchanganyika, kama wake wenza kwenye ua mmoja. Maracanã ni uwanja tu. Wenyewe walifungwa hapo na Uruguay mwaka 1950 na mpaka leo hawataki kuulizwa.

Lugha ndiyo itakayowaponza, kwa sababu mtadhani mnaijua. Mreno alikaa pwani yetu karibu miaka mia mbili, akafukuzwa, vitu vyake akaviacha: meza, kopo, bendera, leso. Huku ni mesa, copo, bandeira, lenço. Siku yangu ya kwanza nilikaa kwenye meza nikaomba kopo, nikaletewa. Nikajiona profesa.

Jioni ile ile nikamuuliza mzee mmoja njia ya kwenda kwenye chumba nilichopangishiwa. Akanielekeza kwa mkono: nyoosha mpaka igreja ya kwanza, pita igreja ya pili, ukifika igreja kubwa pinda kushoto, nyumba yako inatazamana nayo. Mimi nikasikia gereza la kwanza, gereza la pili, gereza kubwa, na chumba changu mlangoni pake. Nikamshukuru, nikageuka nyuma na begi langu, nikalala kwenye benchi la kituo cha basi. Kumbe igreja ni kanisa! Na gereza letu ni neno lile lile. Hata Ngome Kongwe pale Forodhani ilijengwa palipokuwa na kanisa la Mreno, baadaye ikafanywa jela. Na watu wa Salvador hujisifu kwamba makanisa yao ni 365, moja kwa kila siku ya mwaka. Piga hesabu ningelala mabenchi mangapi.

Chakula. Mama asibebe mawese wala nazi, vyote vipo. Moqueca ni samaki wa nazi kabisa, tofauti ni mawese na kotimiri. Muhogo asili yake ni huku. Sisi tuliletewa na huyo huyo Mreno, pamoja na nanasi na mkorosho. Lakini huku huukaanga unga wake mkavu na kuunyunyizia kila kitu, wakauita farofa. Mara ya kwanza nilidhani fundi yuko juu ya dari anapasua mbao. Maharage msiyaguse kabla ya kuuliza, feijoada yao imejaa nguruwe. Shikeni neno moja tu, porco. Mkilisikia, sukumeni sahani.

Halafu kuna acarajé, ambazo ni bajia za kunde. Kunde huloweshwa, huambuliwa maganda, husagwa na kitunguu, hupigwa kwa mwiko mpaka unga uumuke, kisha huchomwa ndani ya mawese. Wauzaji ni akina mama wenye magauni meupe mapana na vilemba, wamekaa pembeni ya njia na karai. Bajia hupasuliwa katikati ikatiwa rojo zito na kamba wakavu. Yule mama akaniuliza, “Quente?” Neno nalijua: moto. Nani atakaye bajia baridi? Nikajibu kwa kujiamini, quente, tena sana. Huku, kwa muuza acarajé, quente ni pilipili. Nililia mbele ya foleni nzima mpaka mama wa watu akanipa leso yake.

Pelourinho, mji wao wa kale wenye nyumba za rangi na vichochoro vya mawe, mtaupenda, ila viatu viwe vya kushika. Hapo Ami usikimbilie picha. Januari 1835, ndani ya Ramadhani, Waislamu waliokuwa watumwa mjini humu, waliokuwa wakiitwa Malê, waliinuka na silaha. Usiku mmoja tu, wakashindwa. Polisi walikusanya karatasi zenye maandishi ya Kiarabu ambazo wengine walizivaa kama hirizi. Nilipoziona picha zake nilikaa kimya. Mkunjo ule wa karatasi ni wa bibi yetu.

Sasa karafuu. Vukeni kwa feri mpaka Itaparica, mpande basi la Valença na kuendelea kusini. Mimi nilisinzia, nikaamshwa na harufu, nikadhani nimefika Mtambwe. Kutazama nje, karafuu zimeanikwa kandokando ya barabara! Nikashuka. Nikamkuta mkulima anachambua, nikakaa chini nikaanza kutenganisha makonyo kwenye kiganja kama ulivyonifunza kwa makofi. Akaniuliza nimejifunza wapi. Kisiwani kwetu. Kinaitwaje? Pemba. Akasogeza kiti chake nyuma. Baadaye nikaambiwa pemba, kwa watu wa dini zao za mizimu, ni chaki ya kuchorea alama za ibada. Nikataka kumwambia sisi hatuna mambo hayo, nikakumbuka uongo ni haramu.

Mama amesema atawaletea wenyeji doti kumi za kanga. Mkatazeni kwa upole. Huku pia wana canga, lakini ni nguo ya kutandika mchangani. Mama atasimama dukani nusu saa akichagua jina, na mtu aliyevaa kitambaa kidogo kuliko leso aje aikalie?

La mwisho ni saa. Tuko nyuma yenu kwa saa sita. Ami, wewe uliyezoea kuitega saa yako Kiswahili, usiiguse kabisa. Saa ya ukutani huku ikisoma tatu mchana, kwenu ni saa tatu usiku. Mshale umekaa pale pale. Nilipoligundua hili nilifurahi, nikamwandikia Mama anipigie saa tatu, ili asihangaike na hesabu. Akapiga saa tatu kamili. Ya asubuhi. Wete jua limeshajaa uani, na saa yangu nayo inasoma tatu, usiku wa manane, mwenye nyumba anagonga ukuta. Mama alitaka kujua kama nimeshakunywa chai.

Nikamwambia bado.

Wasalaam,
Mtoto wenu