Kadi ya Mchango

Nimeletewa kadi ya mchango wa harusi iliyochapwa Kariakoo, kwa zile herufi nyeusi zenye miiba. Bwana harusi ni Selemani, au Gelemani. Bibi harusi jina lake ni uzio wa seng'enge. Mchapaji nilimuuliza, akanitazama kwa huruma: "Mzee wangu, hiyo ndiyo fonti ya heshima."

Heshima ya kurithi, kumbe. Waandishi wa Ulaya walizibana herufi hizo enzi ngozi ya kuandikia ilipokuwa ghali. Gutenberg akazisubu kwa risasi, akachapa Biblia miaka ya 1450. Hapa Dar es Salaam zilishuka na Mjerumani, zikapamba Deutsch-Ostafrikanische Zeitung, gazeti lake lililoanza mwaka 1899. Mwaka 1941 serikali ya Hitler ikazipiga marufuku hukohuko kwao. Sisi tarishi hakutufikia: bado ziko kwenye vyeti vya semina na vioo vya bajaji.

Nimegeuza kadi juu chini, sijaambulia hata ukumbi. Kilichosomeka ni namba ya kutumia mchango. Hiyo imechapwa kwa tarakimu za kawaida, nene, tena imepigiwa mstari.