Meza ya Maji

Mpwa wangu kaingia kidato cha kwanza, na kama ujuavyo, huko masomo hugeuka Kiingereza kufumba na kufumbua. Juzi jioni kanifuata sebuleni na madaftari yake.

"Mjomba, 'table' ni nini?"

"Meza," nikajibu, nikarudi kwenye chai yangu. Swali gani hilo la kumsumbua mtu mzima?

Kumbe nimejichongea. Daftari la jiografia limeandikwa 'water table'. Meza ya maji! Nikautazama mtungi wetu ulio juu ya stuli, nikatamani kusema ndiyo huo. Sivyo. Ni usawa wa juu wa maji yaliyo chini ya ardhi, yale ambayo fundi wa kisima huyatafuta huku akikudai nyongeza kila mita. Kwenye kemia, 'table' ni jedwali la elementi. Kwenye hesabu ni tebo, na tebo ya saba mimi naikumbuka kwa makalio, si kwa kichwa. Ukifungua kurasa za michezo ni msimamo wa ligi, jambo ambalo wiki hii naomba tusilizungumze.

Wenyewe nao huchanganyana. Churchill, katika kumbukumbu zake za Vita vya Pili vya Dunia, anasimulia jinsi maofisa wa Uingereza walivyotaka waraka fulani uwekwe mezani, yaani ujadiliwe haraka. Wamarekani hawakutaka kusikia, maana kwao kuweka jambo mezani ni kulitia kwenye droo lisahauliwe. Wakabishana wee, hadi wakagundua kuwa wanataka kitu kilekile. Dunia inaungua, wao wanagombania meza!

Nikamhutubia mpwa wangu: lugha gani hii, neno moja linatumwa kila mahali kama mtoto wa kambo? Akanisikiliza hadi mwisho, kisha kwa adabu zote akasema, "Lakini mjomba, na kibao je?"

Kibao cha kukunia nazi. Kibao cha njiani. Kibao kipya cha redioni. Kibao cha shavu. Watu kibao. Nikatafuta la kujibu nisilione. Kibao kimeshageuka, na kichwa kimeanza kuniuma.

Dada yangu, aliyekuwa akisikia yote kutoka jikoni, akaja na glasi ya maji na kidonge.

"Meza," akasema.